Mtume, Mtumwa, Mtumishi: Lugha ya Utumishi katika Beit el-Ajaib

Wageni waliotembelea Beit el-Ajaib, Unguja, walizoea kuelezwa habari za nguzo za chuma, sakafu za marumaru, taa za umeme na lifti, iliyo miongoni mwa za mwanzo Afrika Mashariki. Ni nadra walipoelezwa nani alizifagia sakafu hizo. Nadai kwamba jibu limehifadhiwa na lugha zaidi kuliko jengo lenyewe.

Sultani Barghash bin Said alilijenga jumba hilo mwaka 1883. Miaka 10 kabla yake, kwa shinikizo la Waingereza, alikuwa ametia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Biashara ilipigwa marufuku, umiliki haukuguswa. Hivyo enzi iliyoleta mjini maji ya mabomba ndiyo iliyoendelea kuwatumikisha majumbani watu wasio huru.

Na tuitazame mofolojia. Mzizi -tum- umezaa maneno matatu. Mtume hubeba heshima ya aliyemtuma. Mtumwa amebeba kiambishi cha kutendwa, -w-: yeye hutumwa tu, hiari hana. Mtumishi latokana na tumika, kama vile mpishi litokanavyo na pika. Kiishio chake -i ni cha mtenda. Kisarufi, basi, mtumishi ni mtu mwenye tendo lake.

Amri ya mwaka 1897 ilikusudiwa kumvusha mtu kutoka umbo la pili hadi la tatu. Hata hivyo, ilimlazimu mtumwa mwenyewe kwenda kudai uhuru wake mahakamani, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Jina lilibadilika upesi kuliko maisha.

Sayyida Salme, dada yake Barghash na binti wa suria, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Wachota maji hawakuacha kitabu. Walichotuachia ni msamiati: mjakazi, mzalia, aliyezaliwa utumwani, mjoli, mtumwa mwenza.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kuta zina michoro na picha za kuongoza ujenzi mpya. Neno mjoli halina mchoro. Nawasihi wanafunzi wetu wayakusanye maneno haya kwa wazee wangali hai, na watunga kamusi wasiyafute kwa kuyaonea haya, kwani ndiyo kumbukumbu pekee ya wengi waliolihudumia jumba hilo.