Koili: Sikio la Mashine ya MRI

Barabara ya Nanganga kwenda Masasi hupita Ndanda, penye hospitali ya Wabenediktini. Hospitali zilizo mbali na miji mikubwa zinastahili vipimo bora, na ufundi wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili), unaweza kuvisogeza karibu.

Inavyofanya kazi
Mwili umejaa maji, na maji yana hidrojeni. Sumaku ya MRI huvipanga viini vya hidrojeni. Koili ya shaba huvirushia mawimbi ya redio. Mawimbi yakikatika, viini hutoa ishara hafifu. Koili huinasa, na kompyuta huigeuza kuwa picha. Katika sumaku ya tesla 1.5, masafa ni megahezi 64 hivi, chini ya masafa ya redio za FM.

Mfano wa Mbarara
Mwaka 2022, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunda MRI ndogo ya takriban tesla 0.05 kwa siku 11. Ililengwa kwa watoto waliojaa maji kichwani. Masafa yake ni megahezi 2 hivi, na sumaku zake za kudumu hazihitaji kupozwa kwa heliamu. Ufundi wa kuunda mashine kama hii na koili zake unafundishika, na Afrika Mashariki inauweza.