Nebraska (albamu)

Nebraska ni albamu ya sita ya mwanamuziki wa rock kutoka Marekani, Bruce Springsteen. Ilitolewa tarehe 30 Septemba 1982 na kampuni ya Columbia Records. Ina nyimbo 10 zinazochukua takriban dakika 41. Springsteen aliimba na kupiga ala zote peke yake, hasa gitaa na kinanda cha mdomo, bila bendi yake ya E Street Band. Kilichouzwa madukani kilikuwa kaseti ya majaribio iliyorekodiwa chumbani kwa ajili ya kuwafundisha wapigaji nyimbo mpya. Hata hivyo, kuna mashabiki wengi wanaoipenda kuliko albamu zake zilizouza mamilioni.

Jinsi ilivyorekodiwa

Mwaka 1980 Springsteen alitoa albamu ya The River, ambayo ilikuwa ya kwanza kwake kushika nafasi ya kwanza Marekani. Ziara yake ndefu ilimalizika Septemba 1981. Baada ya hapo alikaa katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, jimbo la New Jersey, akitunga nyimbo. Kwa kuwa studio zilimgharimu fedha na muda mwingi, alimwomba fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie mashine ndogo ya kurekodia nyumbani.

Batlan alileta TEAC 144 Portastudio, mashine iliyoingia sokoni mwaka 1979 na kutumia kaseti za kawaida. Ilikuwa na njia nne tu za kurekodi sauti, wakati studio kubwa za siku hizo zilikuwa na 24. Walitumia vipaza sauti viwili vya Shure SM57, na kifaa cha Echoplex kilichoongeza mwangwi. Kisha nyimbo zilihamishiwa kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuzama mtoni ikakauka na kufanya kazi tena. Msomaji aliyezaliwa zama za simu za mkononi asidhani kwamba vifaa hivi vilikuwa duni kwa makusudi ya kisanaa, ndivyo vilivyokuwepo. Nyimbo nyingi zilirekodiwa mwishoni mwa 1981 na mwanzoni mwa 1982.

Springsteen alitembea na kaseti hiyo mfukoni kwa majuma kadhaa, bila hata kasha lake. Aprili 1982 aliipeleka kwa bendi katika studio ya Power Station mjini New York, wakajaribu kuzipiga nyimbo hizo kwa ngoma, besi na magitaa ya umeme. Baadhi zilifaulu mno: wimbo wa "Born in the U.S.A." ulitokana na kaseti hiyohiyo, ukaipa jina albamu ya 1984 iliyouza zaidi ya nakala milioni 15 Marekani pekee. Lakini nyingine kila zilipoongezewa ala zilizidi kupoteza kile kilichokuwa kwenye kaseti. Wahusika wake walitoweka. Walijaribu pia aimbe upya peke yake katika studio nzuri, napo haikuwa sawa. Hatimaye uamuzi ukawa kuitoa kaseti kama ilivyo.

Hapo ndipo mafundi walipopata taabu. Sauti ya kaseti ilikuwa ndogo na yenye kelele, na kila walipojaribu kuihamishia kwenye santuri iliharibika. Walizunguka na kanda hiyo studio moja hadi nyingine, ikafikiriwa hata albamu iuzwe kwa kaseti tu. Mwishowe Dennis King wa Atlantic Studios aliweza kuichonga santuri kwa kushusha kiwango cha sauti.

Visa na wasimuliaji

Karibu kila wimbo ni mtu mmoja anayejieleza. Wimbo wa kwanza, "Nebraska", umewekwa kinywani mwa Charles Starkweather, kijana ambaye Januari 1958 aliua watu kumi katika majimbo ya Nebraska na Wyoming akiwa na Caril Ann Fugate, msichana wa miaka 14. Alinyongwa kwa kiti cha umeme mwaka 1959. Springsteen alivutwa na kisa hiki baada ya kutazama Badlands, filamu ya Terrence Malick ya 1973. Alisoma pia hadithi za Flannery O'Connor, mwandishi wa kusini mwa Marekani, na ubaridi wa hadithi hizo unasikika katika albamu nzima. Muuaji anasimulia kwa upole, bila kujitetea.

"Johnny 99" ni kisa cha mfanyakazi aliyepoteza kazi baada ya kiwanda cha magari cha Mahwah kufungwa. Analewa, anampiga risasi karani wa zamu ya usiku, na hakimu anamhukumu miaka 98 akiongeza mmoja. Kiwanda hicho si cha kubuni: kilikuwa cha Ford, kikafungwa mwaka 1980. Albamu ilipotoka, Marekani ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na kufikia mwisho wa 1982 watu wasio na kazi walifikia asilimia 10.8. Kwa hiyo msikilizaji wa siku zile hakuhitaji kuelezwa deni la benki ni nini.

Katika "Highway Patrolman" askari anaitwa kumkamata ndugu yake mwenyewe, anamfukuza kwa gari hadi karibu na mpaka wa Kanada, kisha anasimama na kumwacha aende. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, huu ndio wimbo bora wa albamu. Mwalimu wa fasihi anaweza kuutumia darasani kufundisha mgogoro wa nafsi kama anavyotumia tamthilia. Sean Penn aliufanyia filamu, The Indian Runner, mwaka 1991.

Nyimbo tatu zinarudi utotoni. "Mansion on the Hill" ni baba na mwanawe wanaotazama jumba la tajiri kwa mbali. "Used Cars" ni mtoto anayeona aibu ya wazazi wake wanaponunua gari kuukuu, na "My Father's House" ni ndoto ya kurudi kwa baba, ambaye hayupo tena katika nyumba ile.

Jambo moja huwapita wasikilizaji wasio makini. Wasimuliaji hawa humwita mtu asiyeonekana kwa neno la heshima ambalo kwetu lingekuwa "bwana", na katika "State Trooper", ambapo dereva asiye na leseni anaomba usiku kucha asisimamishwe, lingekuwa "afande". Ni watu waliozoea kuongea na wenye mamlaka wakiwa wameinamisha kichwa, hata wanapokiri mauaji.

Mapokezi na mashabiki

Springsteen hakufanya ziara kwa ajili ya albamu hii. Video ya "Atlantic City" ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, naye mwenyewe hakuonekana humo. Jalada nalo halina sura yake: ni picha ya David Michael Kennedy ya barabara tupu ikionekana kupitia kioo cha gari. Hata hivyo albamu ilifika nafasi ya tatu katika chati za Marekani na Uingereza.

Mapenzi ya mashabiki yalikua polepole. Wengi waliozoea kelele za jukwaani waliishangaa kwanza, kisha wakairudia usiku, au garini wakiwa peke yao. Wanachosifu ni kile ambacho fundi wa studio angekifuta: mvumo wa kanda, kiti kinacholia, pumzi. Msikilizaji anahisi kama ameingia chumba asichokaribishwa. Wanamuziki wenzake waliisikia mapema: Johnny Cash alirekodi "Johnny 99" na "Highway Patrolman" mwaka 1983, akaiita albamu yake kwa jina la wimbo wa kwanza. The Band walirekodi "Atlantic City" mwaka 1993, na mwaka 2000 wasanii mbalimbali waliurudia mkusanyiko mzima katika albamu ya heshima iliyotolewa na Sub Pop.

Tangu Springsteen alipochapisha wasifu wake, Born to Run, mwaka 2016, albamu inasikilizwa kwa sikio jingine. Humo alieleza juu ya sonona iliyompata baada ya kuimaliza, hadi akatafuta msaada wa tabibu, na juu ya baba yake aliyekuwa mgumu wa kusema. Wale waliodhani anaimba habari za wauaji na wezi tu walirudi kwenye zile nyimbo tatu za utotoni.

Mabishano makubwa ni juu ya wimbo wa mwisho, "Reason to Believe". Unasimulia watu wanaoendelea kutumaini bila sababu: mtu anamchokoa mbwa aliyekufa kana kwamba atainuka, bwana harusi anamngoja bibi harusi asiyekuja. Wapo wanaousikia kama faraja. Mtunzi mwenyewe amesema hakukusudia hivyo. Maneno ya wimbo yako upande wake, lakini sauti ya kinanda cha mdomo inawapa wapinzani hoja.

Kwa miongo mingi mashabiki walibadilishana kanda za magendo na kuuliza juu ya rekodi za bendi, walizozibatiza jina la Electric Nebraska. Zilitolewa Oktoba 2025 ndani ya toleo lililopanuliwa, Nebraska '82, mwezi uleule ilipotoka filamu ya Scott Cooper, Springsteen: Deliver Me from Nowhere, iliyotokana na kitabu cha Warren Zanes cha 2023. Jeremy Allen White anaigiza kama Springsteen. Katika rekodi hizo za bendi "Johnny 99" inachezeka, na "Atlantic City" ina nguvu ya uwanja wa michezo. "State Trooper" na "Highway Patrolman" hazimo.