Thumuni, peni na uzi wa nyanya

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza: “Profesa, thumuni kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Mbona huku kwetu likawa jina la senti hamsini, nusu ya shilingi?” Nilimwomba anipe siku mbili. Jioni nilifungua droo nikatoa uzi wa katani alioniachia nyanyangu, uzi uliotungwa sarafu kama shanga.

Mkusanyaji mwenye uwezo hutafuta rupia ya 1888 iliyotengenezewa kampuni ya Imperial British East Africa, yenye jina la Mombasa, ama florini ya 1920. Mimi si mmoja wao. Nakusanya zile zilizochakaa mikononi mwa watu, kwa kuwa ndizo zilizozaa maneno.

Nirudi kwa thumuni. Kabla ya shilingi, pwani ilihesabu kwa riyali, ile fedha nzito ya Maria Theresa, na kwa rupia ya Kihindi. Riyali moja ilikaribia rupia mbili. Mwaka 1920 rupia ilipisha florini yenye thamani ya shilingi mbili za Kiingereza, na mwaka uliofuata Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao London, ikatuletea shilingi ya senti 100. Haya, piga hesabu: rupia ni shilingi mbili, riyali ni nne, na nane ya nne ni nusu. Kwa maoni yangu, senti hamsini ilirithi jina la sehemu ya riyali. Mfalme alikuwa kwenye sarafu, lakini hesabu kichwani ilikuwa bado ya riyali!

Peni nayo ni kichekesho. Shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, kwa hivyo peni halisi ingekuwa senti nane na ushee. Sisi tukaiita senti kumi peni, na senti tano ndururu, basi. Majirani zetu wa Tanganyika walipata hela kutoka kwa heller ya Mjerumani, na mpaka leo hela kwao ni fedha yoyote ile.

Peni na ndururu zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zikilizunguka. Tundu halina nafasi ya uso wa mfalme, ila jina lake tu. Ndiyo maana Edward wa Nane, aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936 na kuacha kiti kabla hajavishwa taji, yumo kwenye peni zetu, ilhali kwao Uingereza haikutolewa rasmi sarafu ya matumizi yenye sura yake. Kwenye uzi wa nyanya ziko tatu za mwaka huo.

Binamu yangu alinishauri nizisugue kwa ndimu na majivu zing’ae, kisha nizikate uzini niziuze. Kusugua, msomaji, usithubutu. Sarafu iliyosuguliwa haina mnunuzi wa maana. Kukata ndiko kulikonipa taabu, kwa sababu fundo lile lina hadithi yake.

Kenya ilitoa sarafu zake mwaka 1966, na zile za Bodi zikakoma kuwa halali mwaka 1969. Nyanya hakuwa na redio, na gazeti hakulijua kusoma. Alikuwa akiuza mayai na ndizi, akitunga akiba yake uzini. Nikiwa kama miaka kumi hivi, alifungua fundo, akanihesabia peni kadhaa, akanituma sukari. Mwenye duka alizigeuza kiganjani, akacheka: “Kijana, mwambie mkubwa wako hizi zilikwenda na mkoloni.” Waliokuwa dukani wakacheka pia. Nilirudi nyumbani mbio, nikalia.

Nyanya hakuniuliza kitu. Alizipokea, akazitunga tena moja moja, akafunga fundo, akauning’iniza uzi kwenye msumari juu ya kitanda chake. Siku hiyo tulikunywa chai bila sukari.

Fundo hilo sijalifungua tangu aniachie. Mwanafunzi wangu alipokuja kuchukua jibu lake tulizihesabu pamoja, tukizisogeza uzini kwa kidole: peni 61, ndururu 28. Shilingi saba na thumuni.