Rivera na Mazzola: Dakika sita zilizoigawa Italia

Fainali za Kombe la Dunia za 2026 zimelirudisha jina la Azteca midomoni mwa watu. Uwanja huo wa Mexico City ndio wa kwanza duniani kupokea fainali hizo mara tatu: 1970, 1986 na 2026. Ukutani kwake kuna kibao cha kumbukumbu kinachoutaja mchezo wa Juni 17, 1970 kati ya Italia na Ujerumani Magharibi kuwa mchezo wa karne. Kibao hakisemi lolote kuhusu ugomvi uliokuwa ukiwaka ndani ya kambi ya washindi wenyewe: kiungo mchezeshaji apangwe wapi, na je, ana haja ya kupangwa?

Ugomvi huo tunaujua. Vijiwe vya Kariakoo vimegawanyika mara ngapi juu ya Feisal Salum, acheze namba 10 au arudi namba 8? Clatous Chama alipokuwa Simba, wapo waliotaka akae katikati kama mfalme, na wapo walioapa kwamba raha yake ni kuanzia pembeni na kuingia ndani. Kila mmoja hudhani mabishano haya yamezaliwa Msimbazi au Jangwani. Yana umri mkubwa kuliko hapo, na sura yake chungu kuliko zote ilionekana Mexico.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Temeke aliyefundisha timu za vijana kwa miaka mingi na ambaye hapendi jina lake liandikwe. Ana mkanda wa nusu fainali na wa fainali ya 1970. Tulikaa barazani kwake mchana mzima, yeye akiusimamisha mkanda kila baada ya dakika chache na kupanga vizibo vya soda juu ya stuli: vya rangi moja Italia, vya rangi nyingine Brazil. Kila alipomaliza kupanga, alikuwa akichukua kizibo kimoja cha Italia na kukiweka chini sakafuni, nje ya stuli. Nilimuuliza hicho ni nani. Akaniambia ni Lodetti, na kwamba nikishamwelewa huyo nitakuwa nimeielewa habari yote.

Tutamfikia. Kwanza, kwa ufupi, njia iliyotufikisha hapo.

Katika mfumo wa kale wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, mchezeshaji alikuwa mmoja wa washambuliaji wa ndani, namba 8 au namba 10. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, Herbert Chapman wa Arsenal aliwarudisha hao wawili nyuma kidogo, na kuanzia 1929 Mskoti Alex James akawa ndiye anayeigawa mipira ya timu nzima. Novemba 25, 1953, Hungary iliifunga Uingereza 6-3 Wembley kwa sababu Nándor Hidegkuti, aliyevaa namba 9, alikataa kukaa pale mabeki walipomtarajia. Mwaka 1958 Didi aliichezesha Brazil kutoka katikati, na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé akavaa namba 10, jezi ambayo tangu siku hiyo haijawa jezi ya kawaida tena.

Sasa Italia.

Mwaka 1970 nchi hiyo ilikuwa na wachezeshaji wawili wa daraja la kwanza duniani, na kocha Ferruccio Valcareggi aliwaona kama mtu mwenye kiti kimoja na wageni wawili. Gianni Rivera wa AC Milan alikuwa ameanza kucheza ligi kuu akiwa na miaka 15, ametwaa Kombe la Ulaya 1963 na 1969, na mwishoni mwa 1969 akapewa Ballon d'Or, mzaliwa wa kwanza wa Italia kuipata. Sandro Mazzola wa Inter alikuwa mtoto wa Valentino Mazzola, nahodha wa Torino aliyekufa katika ajali ya ndege ya Superga, Mei 4, 1949, Sandro akiwa na miaka sita. Alikuwa ametwaa Kombe la Ulaya 1964 na 1965, na katika fainali ya 1964 aliifunga Real Madrid mabao mawili. Alianza kama mshambuliaji, kisha akarudi nyuma taratibu. Mazzola alikimbia, alikaba, alichomoka na mpira mguuni. Rivera alisimama, akatazama, akatoa pasi ambayo wengine walikuwa hawajaiona.

Mmoja Milan, mwingine Inter, jiji moja. Magazeti hayakuhitaji kingine. Mwandishi maarufu kuliko wote wa soka la Italia, Gianni Brera, alikuwa amemtungia Rivera jina la "abatino", kijana wa kitawa, nadhifu na mlaini, asiye na misuli ya kazi. Hoja ya Brera ilikuwa kwamba timu ya Italia huishi kwa kukaba na kushambulia kwa kushtukiza, na kwamba kumweka Rivera uwanjani ni kucheza na watu kumi timu inapopoteza mpira. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Milan waliijua vizuri, na walikuwa na jibu.

Jibu lao liliitwa Giovanni Lodetti. Ndiye aliyekimbia pembeni ya Rivera kwa miaka yote hiyo, akiziba nafasi aliyoiacha wazi, akinyang'anya mpira na kumkabidhi. Hakuwa na jina kubwa. Alikwenda Mexico, akafanya mazoezi na wenzake. Kisha mshambuliaji Pietro Anastasi akaumia, kocha akaita washambuliaji wawili badala ya mmoja, Roberto Boninsegna na Pierino Prati, na kikosi kikawa na watu 23 wakati kanuni iliruhusu 22. Mmoja ilibidi aondoke. Akaondolewa Lodetti.

Mzee wangu hapa alikigonga kile kizibo cha sakafuni kwa kidole. Kwa maoni yake, siku hiyo ndiyo Italia ilipoamua kwamba Rivera hatapata nafasi, hata kama hakuna aliyetamka hivyo. Nimelipima neno lake kwa siku kadhaa na nakubaliana naye, ingawa haki itendeke: Boninsegna alifunga nusu fainali na akafunga tena fainali, kwa hiyo kumwita hakukuwa kosa.

Rivera aliposikia kwamba hataanza, aliwaka. Alimshutumu hadharani mkuu wa msafara, Walter Mandelli, na ikafika mahali pa kutaka kurudi nyumbani. Kocha wake wa Milan, Nereo Rocco, alifika Mexico kumtuliza kama mzazi anayemfuata mtoto aliyenuna. Akabaki.

Timu ikaanza bila yeye. Italia iliifunga Sweden 1-0, ikatoka suluhu na Uruguay, kisha suluhu na Israel. Bao moja katika mechi tatu, na bado ikaongoza kundi. Jezi namba 10 ya Italia katika fainali hizo, ukitaka kujua nchi ilivyokuwa ikifikiri, ilivaliwa na Mario Bertini, kiungo wa kukaba. Rivera alivaa 14, Mazzola 15.

Ndipo Valcareggi alipobuni dawa yake. Fainali za 1970 zilikuwa za kwanza za Kombe la Dunia kuruhusu wachezaji wa akiba kuingia, wawili kwa kila timu. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na Toluca, ambako Italia ilicheza robo fainali, iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi na mapafu huisha mapema. Kocha akaamua Mazzola akimbie kipindi cha kwanza, awachoshe wapinzani, kisha Rivera apokee kijiti kipindi cha pili wakati nafasi zimefunguka. Waitalia waliuita mpango huo "staffetta", kupokezana vijiti.

Na ulifanya kazi, ndiyo sababu kisa hiki kinauma. Robo fainali dhidi ya wenyeji Mexico ilikuwa 1-1 wakati wa mapumziko. Rivera akaingia, Mazzola akatoka, Italia ikashinda 4-1: Gigi Riva mawili, Rivera mwenyewe moja, na la kwanza la kujifunga. Siku tatu baadaye Azteca ikaja nusu fainali. Italia iliongoza kwa bao la Boninsegna la dakika ya nane, Rivera akampokea Mazzola baada ya mapumziko, na katika muda wa majeruhi Karl-Heinz Schnellinger, beki wa Ujerumani aliyekuwa akicheza Milan pamoja na Rivera, akasawazisha. Dakika 30 za nyongeza zilitoa mabao matano.

Mzee aliusimamisha mkanda dakika ya 110. Ni kona ya Wajerumani. Rivera amesimama kwenye mlingoti wa goli. Mpira unarudishwa kwa kichwa, Gerd Müller anauelekeza langoni, unapita kati ya mlingoti na mwili wa Rivera. 3-3. Kipa Enrico Albertosi anamgeukia Rivera kwa hasira ambayo huhitaji kujua Kiitalia kuielewa, na Rivera ameushika mlingoti kama mtu anayeomba ardhi immeze. Hapo Brera alikuwa sahihi kabisa: mtu huyu hakabi.

Mpira unaanzishwa katikati. Pasi chache, Boninsegna anakimbia upande wa kushoto na kurudisha krosi ya chini. Rivera, aliyekuwa mlingotini dakika moja iliyopita, amefika kwenye eneo la penalti peke yake. Sepp Maier anaruka upande mmoja, mpira unakwenda mwingine. 4-3. Hapo Brera hakuwa na la kusema. Mzee aliirudia sehemu hiyo mara tatu bila kupanga kizibo hata kimoja.

Juni 21, fainali, Brazil. Mapumziko yakafika 1-1, Pelé na Boninsegna. Nchi nzima ikasubiri kijiti kibadilishwe. Hakikubadilishwa. Mazzola alikuwa akicheza vizuri, na Valcareggi akaogopa kumtoa. Dakika ya 66 Gérson akafunga, ya 71 Jairzinho. Dakika ya 75 akaingia Antonio Juliano badala ya Bertini. Rivera akaingizwa dakika ya 84, na aliyetoka hakuwa Mazzola, bali Boninsegna mfungaji. Zikabaki dakika sita, na ndani yake Carlos Alberto akafunga la nne. Mwenye Ballon d'Or alicheza fainali ya Kombe la Dunia kwa muda wa kunywa chai. Msafara ulipotua Roma, makamu bingwa wa dunia walipokewa kwa nyanya.

Tazama upande wa pili wa stuli siku hiyo. Mário Zagallo alikuwa na Pelé, Gérson, Rivelino na Tostão, wanne ambao kila mmoja alizoea mpira upitie kwake, na aliwaanzisha wote. Rivelino alimpeleka kushoto lakini akamruhusu kuingia ndani. Tostão alimweka mbele, mgongo kwa lango, awe ukuta wa kugongea pasi. Gérson alimwacha nyuma, mbali na wakabaji, autume mpira mrefu kwa mguu wa kushoto. Pelé alikuwa huru. Na nyuma yao akamweka Clodoaldo, kijana wa miaka 20, afanye kazi chafu, kisha kiungo Piazza akamgeuza beki wa kati. Zagallo alikuwa na Lodetti wake. Italia ilikuwa imemrudisha wa kwake.

Valcareggi alijaribu kuwachezesha wote wawili pamoja 1974, Mazzola akisukumwa winga ya kulia. Mwili ulikuwa umechelewa. Italia ilitolewa hatua ya makundi, na katika mechi ya mwisho dhidi ya Poland Rivera hakupangwa.

Baada ya hapo mambo yaliendelea kujirudia. Kocha wa Argentina, Bilardo, alimjengea Maradona timu nzima 1986, kwenye Azteca hiyo hiyo. Mwaka 1994 kocha wa Italia, Arrigo Sacchi, alimtoa Roberto Baggio mapema dhidi ya Norway baada ya kipa kupewa kadi nyekundu, na Carlo Ancelotti akamkataa Parma 1997 kwa kuwa mfumo wake wa viungo wanne haukuwa na nafasi ya namba 10. Baadaye alikiri kwamba alijutia. Ancelotti huyo huyo ndiye aliyemstawisha Andrea Pirlo Milan mbele ya mabeki, nafasi ambayo Carlo Mazzone alikuwa amempa Brescia 2001, Baggio akiwa mbele yake. Pembeni ya Pirlo alikimbia Gennaro Gattuso. Italia ilitwaa Kombe la Dunia 2006 ikiwa nao wote wawili. Mzee alipofika hapo alikiokota kizibo cha sakafuni na kukirudisha stulini.

Leo timu nyingi hazina namba 10 wa aina ya Rivera, na kwetu anaanza kupotea tangu utotoni. Nimesimama kando ya viwanja vya vumbi vya Temeke na Mbagala nikaona mtoto mwenye jicho la pasi akipelekwa winga akiwa na miaka 12 kwa sababu ni mdogo wa umbo na hakabi. Huko pembeni mstari unamnyima nusu ya uwanja, anafundishwa kukimbia na kupiga krosi, na akifika miaka 16 amekuwa winga wa kawaida. Hilo linaniumiza, kwa sababu kosa hilo lilishafanyika mbele ya dunia nzima na mkanda upo.

Lodetti aliuzwa Sampdoria kiangazi hicho hicho cha 1970, na Rivera akabaki Milan hadi 1979. Makocha wa vijana wanaosoma hapa, kabla hamjamhamisha huyo mtoto kwenda winga, mtafutieni kwanza Lodetti wake.