Mabwawa ya samaki: yalikotoka na kwa nini mengi yalikauka

Kwa miaka mingi samaki wa Butembo na Beni wametoka Ziwa Edouard, kwenye vituo kama Vitshumbi na Kyavinyonge. Kufuga samaki nyumbani kulikuja baadaye.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Wabelgiji walieneza mabwawa ya tilapia katika Kongo yote. Kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilifanya utafiti wa samaki hao. Kufikia uhuru, mwaka 1960, nchi ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000.

Lakini mengi yalichimbwa kwa msukumo wa wakubwa wa utawala. Wafanyakazi wa serikali walipoondoka, mengi yaliachwa. Tena tilapia huzaa haraka: bwawa lisipovuliwa hujaa samaki wadogo wasiokua, na mwenye shamba hukata tamaa.

Mabwawa yaliyodumu ni yale ambayo familia zenyewe ziliona faida yake. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wengi mashambani. Mbuzi aweza kufuatana na mwenyewe hadi mjini. Bwawa hubaki nyuma, kingo zikibomoka.

Hata hivyo ufundi haubaki nyuma. Siku usalama utakaporudi, anayejua atakausha bwawa, atatoa samaki wadogo, atatengeneza kingo, na kuanza upya na samaki wachache. Vijana waliokulia mjini wafundishwe sasa, wazee wangali hai.