Giza la Sekunde Kumi: Fanani, Hadhira na Mwisho wa The Sopranos

Utangulizi

Suala la mwisho wa kazi ya kisimulizi ni kongwe katika uhakiki wa fasihi. Aristotle, katika Poetics, aliueleza mwisho kuwa ni kile ambacho hufuata jambo jingine kwa lazima au kwa kawaida, na ambacho chenyewe hakifuatwi na chochote. Maelezo hayo yanaitosheleza tanzia ya jukwaani. Tamthilia ya mfululizo ya televisheni huyatia mashakani, kwa sababu utanzu huo huishi kwa kuuahirisha mwisho. Kila kipindi hufunga kidogo ili kifungue zaidi, na aghalabu kinachokuja kuikomesha kazi nzima ni hesabu za kituo kinachoirusha kuliko mantiki ya msuko wake.

Makala haya yanauchunguza mwisho mmoja ambao umebishaniwa kuliko mingi katika historia fupi ya utanzu huo. Huo ni mwisho wa The Sopranos, tamthilia iliyobuniwa na David Chase na kurushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia tarehe 10 Januari 1999 hadi tarehe 10 Juni 2007, jumla ya vipindi 86. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali lililoutawala ufasiri wake, yaani iwapo mhusika mkuu alikufa au hakufa, limeuelekeza mjadala kwa mtu asiyekuwa kiini cha tukio. Linalofungwa katika mwisho huo ni agano baina ya anayesimulia na anayesikiliza. Wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili, waliozoea kuzungumzia fanani na hadhira, wanazo tayari istilahi za kulieleza jambo hilo.

Miisho iliyotangulia

Ili upekee wa mwisho huu udhihirike, inafaa kuitaja miisho mitatu ya awali. Wa kwanza ni wa The Fugitive, uliorushwa na ABC tarehe 29 Agosti 1967. Daktari Richard Kimble, aliyehukumiwa kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyatenda, anampata yule mtu wa mkono mmoja aliyekuwa akimsaka tangu mwaka 1963, na jina lake linasafishwa. Fundo lililofungwa katika kipindi cha kwanza linafunguliwa katika cha mwisho, na mtazamaji anaondoka akiwa ameridhika.

Wa pili ni wa St. Elsewhere, uliorushwa na NBC tarehe 25 Mei 1988. Hospitali ya Boston ambayo watazamaji waliifuatilia kwa miaka sita inaonekana ndani ya tufe la kioo lililoshikwa na mtoto Tommy Westphall, mwenye usonji, kana kwamba yote yalikuwa mawazo yake. Hapa mwisho haulijibu swali la msuko. Unaibatilisha hali ya kuwepo kwa ulimwengu wenyewe uliosimuliwa.

Wa tatu ni mwisho wa msimu wa pili wa Twin Peaks, uliorushwa na ABC tarehe 10 Juni 1991, miaka 16 kamili kabla ya ule wa The Sopranos. Mpelelezi Dale Cooper anajitazama kwenye kioo na kuona sura ya nguvu ya uovu aliyokuwa akipambana nayo. Swali linaachwa likining'inia, na watazamaji walisubiri hadi mwaka 2017 ndipo hadithi ikaendelezwa.

Mwisho wa kwanza unajibu, wa pili unabatilisha, wa tatu unaahirisha. Hata hivyo, yote mitatu inakamilisha picha yake ya mwisho na kumpa mtazamaji nafasi ya kuiaga. Nafasi hiyo ndiyo aliyoinyima Chase.

Onyesho la mwisho

Onyesho lenyewe ni sahili. Tony Soprano, kiongozi wa genge la kimafia huko New Jersey, aliyeigizwa na James Gandolfini, anaingia katika mkahawa wa Holsten's na kuketi peke yake. Anachagua wimbo katika mashine ya muziki iliyo mezani, nao ni "Don't Stop Believin'" wa kundi la Journey. Mkewe, Carmela, anafika, na Tony anamweleza kuwa mmoja wa watu wake atatoa ushahidi dhidi yake. Mwanawe, A.J., anaingia nyuma ya mwanamume asiyejulikana aliyevaa koti la Members Only. Mwanamume huyo anaketi kwenye kaunta, kisha anaelekea msalani. Nje, binti yao Meadow anahangaika kuliegesha gari. Vitunguu vilivyokaangwa vinaletwa mezani. Meadow anafaulu kuegesha na kuvuka barabara akikimbia. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, wimbo unakatika katikati ya maneno ya jina lake, na picha inatoweka. Kwa takribani sekunde 10 hakuna picha wala sauti, kisha yanafuata majina ya wahusika na watayarishaji bila ya muziki.

Watazamaji wengi usiku huo walidhani kuwa mitambo yao ya televisheni ya kebo imeharibika. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini kina uzito wa kihakiki. Athari ya kwanza ya mwisho huo ilimfikia mtazamaji katika kiti chake kabla hajapata fursa ya kumfikiria Tony.

Historia ya ufasiri

Ufasiri uliofuata uligawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inashikilia kuwa Tony aliuawa, nayo ina ushahidi wa kutosha. Katika "Soprano Home Movies", kipindi cha Aprili 2007, shemeji yake, Bobby, anamwambia wakiwa mashuani kwamba huenda mtu asisikie lolote saa yake ifikapo, na mazungumzo hayo yanakumbushwa katika kipindi cha kabla ya cha mwisho. Safari ya msalani ya yule mwanamume inaukumbusha mkahawa wa The Godfather (1972), ambamo Michael Corleone anaichukua bastola msalani. Aidha, onyesho lina mpangilio wa marudio: kengele inalia, Tony anaangalia, kisha anaonyeshwa anayeingia. Mara ya mwisho, mahali pa kile ambacho Tony angekiona pamewekwa giza.

Kambi ya pili inashikilia kuwa maisha yanaendelea na kwamba hofu ndiyo adhabu ya Tony. Kila mlango ukifunguliwa itambidi ainue macho, hadi mwisho wa uhai wake.

Kambi zote mbili zilimgeukia mwandishi. Mwaka 2007 Chase alilalamika kwamba watu waliomshangilia Tony kwa miaka minane sasa walitamani kuiona damu yake. Mwaka 2014 mhakiki Martha Nochimson aliripoti kuwa Chase amemwambia Tony hakufa, na mara msemaji wa Chase akatoa taarifa kwamba maneno hayo yamefahamika vibaya. Mwaka 2015, katika jarida la chama cha waongozaji wa filamu wa Marekani, Chase alilieleza onyesho hilo hatua kwa hatua bila ya kulijibu swali. Mwaka 2021, alipohojiwa na The Hollywood Reporter, alisema kuwa hapo awali alikuwa amepanga onyesho ambalo Tony angekwenda mkutanoni New York na kuuawa. Wengi waliyapokea maneno hayo kama hukumu ya mwisho.

Pokezi hili lina kasoro ya kimantiki. Kilichoelezwa ni onyesho lililofikiriwa na kuachwa, ilhali mhakiki anashughulika na lililoandikwa na kupigwa picha. Wimsatt na Beardsley walitahadharisha mwaka 1946 kuwa kusudio la mtunzi si kipimo cha maana ya kazi, na ni nadra kupatikana mfano bora wa tahadhari hiyo kuliko mtunzi ambaye kauli zake zimebadilika mara kadhaa katika kipindi cha miaka 14.

Hoja ya mpangilio wa macho ya Tony nayo inahitaji kupimwa upya. Mtazamaji wa onyesho hili hajafungwa ndani ya macho ya Tony. Anamwona Meadow nje akihangaika na gari, jambo ambalo Tony haliwezi kulijua. Tony anapoingia mkahawani anatazama mbele, na picha inayofuata inamwonyesha yeye mwenyewe akiwa ameshaketi. Kama giza lingekuwa kufa kwa Tony peke yake, mtazamaji angebaki na Meadow mlangoni. Katika kipindi cha Machi 2006 kilichoitwa "Members Only", Tony alipigwa risasi na ami yake, Junior, akabaki mahututi. Vipindi vilivyofuata viliendelea kuionyesha familia hospitalini, na hata ndoto za mgonjwa. Tamthilia hii, kwa hiyo, inajua kusimulia pasipo macho ya Tony, na katika onyesho la mwisho imechagua kutofanya hivyo.

Mlango wa Melfi

Chanzo cha uteuzi huo kimo katika kipindi cha kwanza kabisa. Tamthilia inaanzia katika chumba cha kungojea cha Daktari Jennifer Melfi, bingwa wa maradhi ya akili. Tony anaanza kusimulia, naye Melfi anasikiliza. Anapofikia mkasa wa mtu aliyekuwa na deni, anamwambia daktari kuwa walikunywa kahawa, na papo hapo mtazamaji anaonyeshwa jinsi Tony alivyomfukuza mtu huyo kwa gari na kumpiga. Tangu mwanzo, basi, fanani ni mwongo, na hadhira ni mbili: moja inayosikia uongo na nyingine inayouona ukweli na kuendelea kuketi. Katika ngano za Waswahili hadhira hutoa idhini kabla ya fanani kuanza, na idhini hiyo huipa sehemu ya dhamana katika kinachosimuliwa. Mtazamaji wa The Sopranos aliitoa idhini yake kila wiki.

Katika "The Blue Comet", kipindi kilichorushwa tarehe 3 Juni 2007, Melfi anasoma utafiti unaodai kuwa tiba ya mazungumzo huwanoa wahalifu badala ya kuwaponya. Anatambua kuwa kwa miaka mingi usikilizaji wake ulimfaa muuaji. Tony anapokuja, anavunja uhusiano huo ghafla, bila ya maelezo yanayomtosha Tony, na kuufunga mlango. Wapo waliolalamika kuwa tukio hilo limeharakishwa na halina adabu ya kitaaluma. Wiki moja baadaye watazamaji walilalamika kwa namna iyo hiyo kuhusu kukatwa kwao wenyewe.

Matukio haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Hadhira ya ndani ya tamthilia imejiondoa kwa hiari, baada ya kujihoji. Hadhira ya nje haikujiondoa. Iliketi ikisubiri damu au msamaha, ikaondolewa. Giza la Holsten's ni ule mlango wa Melfi, safari hii ukifungwa mbele ya mtazamaji.

Hitimisho

Ufasiri huu hauikanushi kambi ya kifo. Dalili za mauti zimetapakaa katika onyesho, na anayezihesabu hakosei. Unachosisitiza ni kwamba kifo, kama kipo, hakikuonyeshwa, na kwamba kutoonyeshwa huko kuna maana ambayo kauli ya mtunzi haiwezi kuifuta. Kifo kilichoonekana kingemruhusu mtazamaji kumhukumu Tony na kujisahau. Giza limemwacha na swali lililomfikia Melfi kabla yake: msikilizaji wa hadithi ya mwovu, aliyeipenda na kuirudia kwa miaka minane, alikuwa akitafuta nini ndani yake?

Gandolfini alifariki mjini Rome tarehe 19 Juni 2013, na mjadala juu ya hatima ya mhusika wake haukukoma. Uhakiki utapata faida zaidi ukiugeuza mjadala huo kutoka kwa mtu aliyeinua macho mkahawani kuelekea kwa wale waliokuwa wakimtazama.