Heshima ya Kiungani

Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimkabidhi Askofu William Tozer watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Tozer ndiyo kwanza alikuwa ameihamishia kisiwani misheni yake, UMCA, baada ya wenzake kadhaa kufa kwa homa kule bara, Magomero na bonde la mto Shire. Kutokana na watoto hao, na wengi waliowafuata, ilikua shule ya Mtakatifu Andrea huko Kiungani, kusini kidogo ya mji. Siku hizi, kila inapovuma habari ya wanafunzi kuoneana bwenini katika shule ya kanisa, dawa inayotajwa kwanza ni mahubiri: vipindi vya dini viongezwe, padri aitwe azungumze na vijana. Historia ya Kiungani inaelekeza kwingine. Shule ile ilijaribu kujenga heshima mahali palipokosa karibu kila kitu ambacho kwa kawaida huizaa, yaani ukoo, wazee, mila moja na lugha moja. Ilipofanikiwa, ilifanikiwa kwa sababu iliwapa watoto nafasi ya kusema na kazi ambayo watu wengine waliitegemea. Na ilipoziba masikio, ibada hazikuiokoa.

Tuyatazame mazingira yenyewe. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Mkunazini. Manowari iliyoitwa London ikawekwa bandarini kwa karibu miaka kumi, mashua zake zikiyakimbiza majahazi, na watoto waliokamatwa humo wakagawiwa misheni. Lakini utumwa wenyewe kisiwani haukufutwa kisheria hadi 1897. Kwa hiyo kijana wa Kiungani aliyetumwa mjini alipita kati ya watu ambao machoni mwao alikuwa bado mtumwa, tena mtumwa wa Wazungu. Ngazi ya kijamii ya pwani, mwungwana juu na mtumwa chini, haikuishia kwenye lango la shule. Watoto waliingia nayo vichwani. Waliingia pia na visasi vya bara. Humo walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, na baadhi yao walikuwa wametekwa katika vita vya majirani kwa majirani kabla hawajafika mikononi mwa mfanyabiashara yeyote wa pwani. Kuwalaza watoto hao chumba kimoja na kuwaambia wapendane hakukutosha.

Uamuzi ulioleta tofauti kubwa ulikuwa wa lugha. Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer na kuwa askofu kuanzia 1874 hadi kifo chake 1882, alikaa chini na Waunguja akajifunza Kiswahili na kukusanya hadithi zao, na kufikia 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi hizo. Misheni ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya darasa, ya ibada na ya uani, na wanafunzi wakaendelea kuvaa kanzu badala ya suruali. Wengi huisifu hatua hii kwa faida iliyoiletea lugha yenyewe, na ni haki kuisifu. Mimi naona faida yake kubwa ya kwanza ilikuwa bwenini. Kwa watoto wengi wa bara Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, na kwa mwalimu kutoka Uingereza kadhalika. Hapakuwa na kabila lililoingia darasani likiwa limekwisha kushinda. Mwalimu anayekosea ngeli mbele ya mwanafunzi, na mwanafunzi akajua kwamba amekosea, hawezi kujifanya anajua kila kitu, analazimika kuuliza. Pakianza kuulizana, hata dharau inapata tabu ya kukaa.

Kisha kulikuwa na kiwanda cha uchapaji. Wasomaji wa leo, tuliozoea kubonyeza vitufe, ni rahisi tusahau kazi ile ilivyokuwa. Herufi za risasi zilipangwa moja moja katika kibao cha mkononi, kila moja imegeuzwa kama kwenye kioo, nafasi kati ya maneno nayo ikiwekwa kwa kipande chake cha risasi. Herufi moja ikipinduka, neno zima limeharibika, na ukurasa hauchapwi mpaka aliyeupanga amekubali kulirekebisha. Vijana waliofundishwa kazi hii walikuwa wakipanga sala, masomo na sehemu za Maandiko ambazo zingesomwa katika vituo vya misheni vya Magila, Masasi na ukanda wa ziwa Nyasa. Mtoto aliyekuwa na bei sokoni sasa alikuwa na ujuzi ambao askofu mwenyewe alikwama bila huo. Sidhani kuna somo la utu lililoshinda hilo, na halikuwa somo la dini.

Hatua iliyofuata ilitokana na kazi hiyo. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa Kiungani ambaye baadaye alitunga kamusi, alichapisha Uingereza kitabu cha simulizi zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe: kwao walikotoka, walivyokamatwa, mikono waliyopitia, jahazi, na kuokolewa. Mwaka uliofuata likaanza gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lenye barua na habari kutoka vituo vya misheni, zilizoandikwa kwa sehemu kubwa na walimu na wanafunzi Waafrika. Hapa mkosoaji atanyanyua mkono, na ana hoja. Kitabu cha Madan kilitafsiriwa kwa Kiingereza ili kisomwe na wafadhili; mtoto anayeandika akijua nani atasoma huandika yanayopendeza, na simulizi inayoanza utumwani na kuishia kanisani ndiyo hasa iliyofungua mifuko ya watu kule London. Nakubali. Lakini hoja hiyo haifiki kwenye Msimulizi. Wasomaji wa gazeti lile walikuwa mwalimu wa Masasi aliyetaka kujua nani amefariki Mbweni, kituo cha misheni kisiwani Unguja, na mwenziwe wa Magila aliyetaka salamu za rafiki zake wa shule. Hakuna mfadhili wa kupendezwa na habari hizo. Watu waliandikiana kwa sababu walihesabiana kuwa watu wenye habari zinazostahili kuandikwa.

Yohanna Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani na kuwa padri, aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao, nayo ikachapishwa 1919. Mtu hatungi historia ya kwao ikiwa shuleni amefundishwa kuionea haya.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yalitokana na imani tu, na kwamba mimi nahangaika kutafuta sababu za pembeni. Jibu liko ng'ambo ya pili, karibu na Mombasa. Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na misheni nyingine, CMS, mwaka 1875, yalikuwa na dini hiyo hiyo, watu wa asili ile ile na miaka ile ile. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wake, J. R. Streeter, aliandamwa na tuhuma za kuwachapa viboko wakazi kupita kiasi, hadi akaondoka. Biblia iliyosomwa Freretown haikuwa tofauti na ya Kiungani. Kilichotofautiana ni mpangilio: upande mmoja makazi yanayoendeshwa kama shamba lenye msimamizi na watenda kazi, upande mwingine shule inayoandaa walimu ambao kesho watakuwa peke yao kijijini bila Mzungu wa kuwaelekeza. Wala sidai kwamba Kiungani hapakuchapwa mtu. Ilikuwa shule ya karne ya 19. Ninachosema ni kwamba mtu unayetarajia akusaidie kubeba kazi ni vigumu kumtendea kama mzigo.

Kipimo hicho hicho kinaihukumu misheni ya Kiungani pia. Kule Mbweni, ambako Caroline Thackeray alifika 1877 na kuiongoza shule ya wasichana kwa miaka mingi, wasichana waligawanywa: walioonekana kuwa na akili ya vitabu waliandaliwa kuwa walimu na wake wa makasisi, na wengine wakapelekwa upande wa kazi za mikono. Kwa hao wa pili zile ngazi za mjini zilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa jina la masomo. Nasi wa leo, tunaopanga mikondo ya wanafunzi kwa alama za mtihani kisha tukashangaa kwa nini wanadharauliana, hatuna haki ya kuwacheka.

Dosari kubwa zaidi ilikuwa juu, kwa watu wazima. Cecil Majaliwa, aliyefika Unguja akiwa mtoto mtumwa na kusomeshwa na misheni, alipewa ushemasi 1886 na kuwa padri 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hilo. Huko Chitangali, kusini mwa Tanganyika, aliendesha kazi karibu peke yake, akajenga kanisa na shule katika nchi ya Wayao. Kwa mafanikio yale mtu angetarajia cheo kikubwa zaidi. Badala yake alirudishwa Unguja kabla karne haijaisha, na misheni ikaendelea kuwaleta maaskofu wake kutoka Uingereza. Shule ilikuwa imemfundisha kwamba neno lake lina uzito, na kanisa likamwonyesha uzito huo unaishia wapi. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika urithi wa misheni ile upande wa Tanganyika, John Sepeku, aliwekwa wakfu 1963, miaka 73 baada ya Majaliwa kuwa padri.